Vijiko Viwili Kila Alfajiri

Mimi ni mwoka mikate, na mwoka mikate asiyejua kupima afadhali afunge duka. Natanguliza hilo ili usihangaike kunitafutia kisingizio.

Mdogo wangu wa kike alikuwa bondia wa kilo hamsini. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake kuingia timu ya taifa. Mwakani umri ungemtupa nje. Kreatini, unga wanaotumia wanamichezo, aliikataa mara tatu nilipomshauri.

"Kaka, mwili wangu naujua. Niache nao."

Mimi na kichwa changu kigumu nikamsikiliza muuza duka wa jimu, aliyeapa kwamba unga ule unaongeza nguvu ya ngumi. Ikawa kila alfajiri akipita kwangu kunywa juisi kabla ya mazoezi, namkorogea vijiko viwili, kimyakimya. Nilimpenda, ndiyo, lakini pia nilijiona najua kuliko yeye.

Alizoea kujipima kwenye mizani yangu ya magunia. Siku ya tano ikasoma hamsini na moja na ushee.

"Mbona nimezidi? Chakula chenyewe naonja tu!"

"Achana nayo, mizani hii imechoka," nikamwambia. "Hata mimi inanizingua."

Akacheka, akaniamini. Moyoni nilifurahi nikidhani ni misuli. Kumbe unga ule huvuta maji mwilini; muuza duka hakulisema, nami sikuuliza.

Siku ya kupimwa uzito, mizani ya chama cha ngumi ikasoma vilevile. Wakampa saa moja apunguze. Alizunguka ukumbi mbio na masweta mawili, akatema mate kwenye chupa, mwishowe akamwomba kocha amnyoe nywele zote. Nilizizoa sakafuni. Bado zikabaki gramu mia tatu. Afisa akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina lake.

Tulikaa nje kwenye benchi. Kichwa chake kilichonyolewa kilionekana kidogo, kama enzi zile nilipokuwa nambeba mgongoni. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka.

"Nisamehe, kaka," akasema. "Umejinyima yote kwa ajili yangu, nami nimeshindwa hata kuuchunga mdomo wangu."

"Nimekusamehe," nikamjibu, naye akaniegemea begani, akalia.