Mnyororo wa Sleji ya Pembe

"Mama, mwaka huu wewe pumzika," alisema Elmar, mkate ukiwa bado mdomoni. "Goti lenyewe ndilo hilo. Tubandikie supu, tukirudi tuikute ya moto."

"Goti halijalalamika," Kreszenz akajibu kutoka jikoni.

"Litalalamika ukishafika katikati ya msitu. Halafu nani akubebe? Torsten?"

Torsten, mume wa Annelies dada yake Elmar, alizaliwa kaskazini kwenye nchi tambarare isiyo na hata kichuguu. Aliinua mikono juu. "Shemeji, mimi mwenyewe ndiye nitakayebebwa!"

Wote wakaangua kicheko. Kreszenz naye akacheka, kwa sababu mtu anayeachwa mbele ya watu hana la kufanya ila kucheka nao. Alifunga mikate na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa, akamvalisha mjukuu wake Jolanda kofia, akaifunga kamba ya kofia chini ya kidevu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Bibi, unaninyonga!"

"Nakunyonga ili upepo usikunyonge."

Ilikuwa siku ya Mtakatifu Stefano, ya pili yake Krismasi. Kila mwaka siku hiyo familia ya Gebhard, mume wa Kreszenz, ilipanda hadi kibanda cha nyasi kule malishoni, ikala mkate na mayai, kisha ikashuka yote kwa mpigo mmoja juu ya sleji ya pembe, chombo cha mbao cha kutelezea kwenye theluji. Hiyo haikuwa sleji ya watoto. Ilikuwa ya kazi, ikipandishwa kibandani kabla ya baridi ili kushushia nyasi kavu za ng'ombe wakati wa theluji, ndefu kama kitanda cha wageni, na mbao zake za kutelezea zilipinda juu kwa mbele mithili ya pembe za beberu. Gebhard ndiye aliyekaa kati ya pembe hizo akiiongoza kwa visigino. Nyuma yake walifuata watoto kwa umri. Mwisho kabisa alikaa Kreszenz.

Gebhard alizikwa mwezi wa tatu. Leo Elmar angekaa kwenye pembe, na hilo lilikuwa sawa, mama yake hakuwa na neno. Alichokitaka kilikuwa kidogo mno hata akaona haya kukiomba: mtu mmoja tu aseme, mama, nafasi yako ya nyuma ipo palepale. Hakuna aliyesema. Saa tatu asubuhi walikwisha kuvuka ua, wakirushiana madonge ya theluji, na Jolanda alipunga mkono mara moja bila kugeuka.

Kreszenz alibandika supu ya shayiri. Akafuta meza iliyokwisha futwa. Nyumba iliyokuwa na kelele za siku tatu ikatulia ghafla, akasikia saa ya ukutani, akaichukia. Mwishowe akatoka kwenda bandani kuchukua kuni, na huko, kwenye msumari nyuma ya mlango, akauona mnyororo.

Aliganda hapo, kuni zikiwa mkononi.

Mnyororo huo ulikuwa na pete mbili kubwa. Njia ya kushuka ilikuwa laini mpaka kwenye msalaba wa mbao. Baada ya msalaba ilitumbukia ghafla na kukata kona juu ya korongo, na bila mnyororo hapakuwa na mwanadamu wa kuisimamisha sleji ile, awe na visigino vya chuma. Kila mwaka Gebhard alipiga kelele, "Haya sasa!", na aliyekaa nyuma akazisukuma pete zile chini ya mbao za kutelezea, zikauma theluji, sleji ikapunguza mwendo. Aliyekaa nyuma alikuwa Kreszenz. Kwa miaka thelathini na tisa aliupaka mnyororo mafuta ya nguruwe kila mwezi wa kumi na moja, akaupandisha mgongoni, akaushusha mgongoni. Watoto walikuwa wamefumba macho na kupiga mayowe, wamezika nyuso kwenye koti la baba. Walichojua ni kwamba baba anapiga kelele na sleji inatii. Naye Gebhard, Mungu amrehemu, alipenda sifa, hakuwahi kuwasahihisha. Na yeye mwenyewe je? Yeye aliona kitu kinachofanyika kila mwaka hakihitaji kuelezwa. Hilo lilikuwa kosa lake, na sasa watu wanne walikuwa wanaliendea.

Alikimbia ndani kupiga simu. Simu ya Elmar ikaita hapohapo jikoni, karibu na mkate, ikichajiwa. Ya Annelies haikupatikana, kwani juu ya msitu mtandao hakuna. Namba ya Torsten, ya huko kaskazini, hakuwa ameiandika popote.

Basi akafunga njumu za chuma chini ya viatu, akatia mnyororo kwenye mkoba, akapunguza moto wa supu, akaondoka.

Njia aliijua kama anavyoijua ngazi ya nyumbani kwake, ila hakuwahi kuipanda peke yake. Palikuwa na nyayo zao: viatu vikubwa vya Elmar, Annelies anayeburuza mguu wa kushoto tangu utotoni, Jolanda akirukaruka kutoka shimo hadi shimo. Kreszenz alikanyaga kwenye nyayo za mwanawe ili asizame. Mnyororo ulimgonga mgongo kila hatua. Goti lilianza kulalamika kwenye daraja, likaendelea kulalamika, yeye akalitukana kwa sauti, na sauti yake mwenyewe katikati ya misonobari ilimshtua. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akizungumza na kuku na redio. Kwa siku tatu hizi alikuwa amejiandaa kuzungumza na watu, hata akayapanga maneno, lakini kila alipofungua mdomo aliombwa chumvi.

"Mungu wangu," alisema, "fanya mikate ile iwachukue muda. Watafune polepole."

Alipofika msalabani alisimama katikati ya njia na kutanua mikono, mama mtu mzima kama mlinda lango. Akasubiri. Alitega sikio kusikia mayowe. Theluji ilianguka kutoka kwenye tawi, basi. Alisogea hadi kwenye kona, akainama kuchungulia korongoni. Chini palikuwa peupe, hapajaguswa. Akashukuru, akapanda tena.

Kibanda kilikuwa wazi. Sleji ilikuwa nje, imevutwa hatua kumi kutoka mlangoni na kuachwa. Maganda ya mayai yalikuwa juu yake. Nyayo hazikushuka popote. Zilikata kulia, kupitia mgongo wa mlima, kuelekea kituo kipya cha magari ya waya yanayoshuka upande wa pili hadi hotelini.

Kreszenz aliketi kwenye sleji, akalia. Kwanza alilia kwa furaha: wazima, wote wanne wazima, wameteremka kwenye kibehewa chenye vioo kama watu wenye akili. Alilia hivyo kwa muda mzuri. Kisha kilio kikabadilika chenyewe bila yeye kutaka. Hatua kumi. Waliivuta hatua kumi, wakaitazama, wakaiacha kwenye theluji ioze.

Hakuweza kuirudisha ndani. Kwenda kibandani ilikuwa kupanda, na nguvu za kuisukuma hakuwa nazo. Kushuka ilitaka yenyewe. Kuiacha pale hakuweza. Alipangusa maganda, akaenda nyuma akakaa mahali pake, akatazama zile mbao tupu mbele yake na zile pembe zisizo na mtu kati. Akaona upuuzi. Akainuka, akaenda kukaa kwenye pembe.

Kumbe! Miaka thelathini na tisa alishuka mlima huu akitazama migongo. Migongo ya watoto, juu yake kofia ya Gebhard, juu ya kofia kipande cha mbingu. Sasa bonde lote lilifunguka chini ya miguu yake, mnara wa kanisa, moshi wa dohani, mto mweusi katikati ya weupe, na mbele kabisa vilele vya ng'ambo vikishika jua la mwisho. Kila mwaka Gebhard aliyaona haya. Na hakuwahi kugeuka kumwambia hata siku moja.

"Mzee mchoyo wewe," alisema, akaachia visigino.

Alishuka taratibu hadi msalabani, akasimama, akateremka mwenyewe, akavalisha pete kwenye mbao zote mbili, akarudi kukaa. Sleji ilipotumbukia alisikia mdomo wake ukipiga kelele, "Haya sasa!", na hakukuwa na mtu nyuma wa kuitikia. Lakini mnyororo uliuma theluji, kama kawaida yake. Kona ikapita. Korongo likapita. Jolanda angepiga mayowe hapo, na sikio la bibi yake lilibaki likiyangoja hadi kwenye daraja.

Saa kumi jioni aliingiza sleji bandani. Madirisha ya nyumba yalikuwa na giza. Supu ilikuwa imeshika chini kidogo. Kabla hajavua viatu, simu ya ukutani ikaita.

"Mama! Mbona hupokei? Tumepiga tangu mchana!" Alikuwa Annelies, na nyuma yake mwangwi wa maji na watoto wengi. "Tuko hotelini, kwenye bwawa la maji moto. Jolanda hataki kutoka. Tutakula hukuhuku, usitusubiri, sawa?"

"Sawa."

"Ile sleji tumeiacha juu. Torsten kaizungukaaa, kaiangalia, kasema lile dude halina breki, yeye mtoto wake hampandishi. Elmar kabisha weee, kwamba baba alikuwa analisimamisha kwa miguu. Eti miguu! Tumecheka, mama. Kweli mlikuwa mnatushusha hivyohivyo bila breki?"

Kreszenz aliegemea ukuta. Mnyororo ulikuwa bado mkononi mwake, unadondosha maji kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi.

"Breki ilikuwepo," alisema.

"Ipi?"

"Mimi. Breki nilikuwa mimi, mwanangu."

Mtu alijitupa majini, watoto wakashangilia.

"Nini, mama? Sikusikii, huku kelele tupu. Umesema nini?"

Kreszenz alibana simu sikioni. Kule upande wa pili mtoto mmoja alikuwa akicheka sana, na huenda alikuwa Jolanda.

"Nimesema supu ipo," alijibu. "Kesho itapashwa."