Fundo la Skafu

Tangu Irene ajiunge na skauti shuleni kwao Tunduma, kila asubuhi alifunga fundo dogo kwenye ncha ya skafu yake, na kila jioni alirudi likiwa limefunguliwa. Mama yake, Ferista, alishindwa kuvumilia.

“Fundo la nini hilo?”

“La kunikumbusha nitende jema moja, mama. Nikishatenda, nalifungua.”

“Na jana ulitenda lipi?”

Irene alicheka. “Kiongozi wetu anatukataza kujitangaza.”

Jibu hilo lilimkosesha Ferista raha. Alhamisi alifunga kibanda chake cha mchele mapema, akamfuata binti yake kwa mbali kutoka shuleni. Irene aliipita njia ya nyumbani, akakata kulia. Huko alikaa mama mkwe wa Ferista, Bibi Atuganile, na mwaka mzima wawili hao hawakuwa wamesemezana, tangu walipogombana msibani.

Ferista alichungulia mlangoni. Bibi alikuwa ameloweka mguu mmoja kwenye beseni, na Irene amepiga magoti akimkata kucha za mguu wa pili, huku wakicheka.

Bibi aliinua macho. “Mkwe, utasimama hapo mpaka lini? Ingia.”

Ferista aliingia. Alikuwa na maswali mengi, lakini lililomtoka lilikuwa moja tu.

“Mama, umekula?”

“Bado, mwanangu.”

Ferista akaweka mkoba chini, akauliza unga unakaa wapi.