Drafti Isiyo na Kichwa wala Miguu

Batuli alichanganyikiwa siku hiyo mpaka ukimsalimia hajibu. Nyuma ya lori la mchanga la Mzee Sifaeli, pale Ngarenaro, alikuwa amefunga kamera mbili zitazame pamoja kama macho, zimwambie dereva kilicho nyuma kiko umbali gani. Ndoo aliiweka mita tatu, mashine ya kamera hizo ikasema mbili. Akarudia, ikasema saba. Saba! Na ndoo haijasogea hata kidogo, jamani.

Wala halikuwa jambo la mchezo. Kaka yake, Omari, alikatwa mguu mwaka juzi baada ya lori kurudi nyuma bila kumwona. Mzee Sifaeli naye alishasema wazi, "Mwanangu, jioni naja. Ikidanganya, naing'oa."

Ili kamera mbili zikubaliane, unazionyesha ubao wa miraba, picha baada ya picha, zihesabu kona zake. Batuli aliazima drafti ya kijiweni. Alipiga picha arobaini! Akafuta lenzi, akakaza skrubu, akapiga upya. Wapi! Alitamani kulia.

Omari akaja na magongo yake, akachungulia skrini. "Hapa mimi nakaa upande gani?"

"Upande wa nini tena, kaka? Kichwa kinaniuma."

"Wa drafti. Ukiizungusha, ni ileile. Sisi tunajua upande kwa kete. Hizo kamera zako zinajuaje?"

Batuli akazirudia picha moja moja. Kumbe mara nyingine kamera ya kushoto ilianza kuhesabu huku, ya kulia ikaanzia kule! Akafunika safu ya mwisho kwa karatasi nyeupe, ubao ukapata juu na chini, akapiga picha zote upya. Ndoo ikasomeka tatu. Tena tatu. Akaisogeza, ikasomeka nne na nusu, na futi ya kupimia ikasema hivyo hivyo.

Mzee Sifaeli alipofika, alipanda kwenye usukani akaitazama ndoo kwa dharau. "Ndoo ya nini? Mimi nataka mtu."

Batuli kabla hajainuka, Omari alishafika nyuma ya lori.

"Kaka, toka hapo!" Hesabu alikuwa na hakika nazo, lakini sasa hakuwa na hakika na chochote.

"Naogopa, usidhani siogopi," Omari alisema, akafumba macho. "Mwambie arudi."

Lori likanguruma. Mashine ikataja kwa sauti: nne, tatu, mbili. Mzee Sifaeli akakanyaga breki.

Omari alikuwa bado amefumba macho. "Limesimama?" akauliza.