Mpiga Ngoma Mwenye Kinyaa

Mshonaji alikuwa mwepesi wa kinyaa tangu utotoni. Unywele mmoja kwenye chakula ulitosha kumshindisha njaa. Kwa hiyo kaka yake alipomleta fundi friji, mgeni aliyehamia mjini na tarumbeta lake, wafanye naye mazoezi ya bendi ndani ya chumba cha kushonea, alijua mapema kwamba pana kazi.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mgeni aliinamisha tarumbeta, akabonyeza kijitufe cha chini na kupuliza mate yote sakafuni, pembeni ya robota la vitambaa. Mshonaji, ambaye ndiye mpiga ngoma wa bendi, alilivuta robota kando kwa kinyaa. Akamletea kopo. Kila mazoezi yalipokwisha, alilishika kwa ncha za vidole, uso kando, akaenda kulimwaga huku akilaani.

Lakini ngoma ilimsaliti. Kaka mtu na gitaa lake alikimbia tu mbele kama anayefukuzwa. Mgeni ndiye aliyemsikiliza. Mshonaji akichelewesha pigo, tarumbeta lilimngoja, akikaza, lilimjibu. Maneno waliyaokoteza polepole, yeye akimsahihisha lugha, mgeni akimfundisha nyimbo za kwao, ambazo mwanzoni zilimchanganya mikono. Siku mke wa mgeni alipokuja kusikiliza, alimwita mshonaji wifi, na wala hakuna aliyeona ajabu.

Kisha wakaalikwa kupiga harusini. Wakati wa kula, mjomba wa bwana harusi alisema bendi iketi mezani, ila yule mgeni apelekewe sahani yake nje, kwa kuwa watu wa kwao ni wachafu. Mgeni akatoka. Mshonaji akamtazama kaka yake. Kaka alikuwa ameshajaza mdomo, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Dada, usituharibie," alisema akitafuna. "Sisi tumekuja kupiga muziki tu."

Kinyaa kilimpanda upya, safari hii kwa ndugu yake wa tumbo moja. Akabeba ngoma, akatoka. Alimkuta mgeni kando ya mfereji wa maji machafu, sahani gotini, haijaguswa. Wakaondoka pamoja, wakamwachia kaka ukumbi mzima na gitaa lake.

Baadaye kaka alikuja kuomba yaishe, na yaliisha, maana damu ni nzito kuliko maji. Akija, mshonaji humpakulia chakula vizuri. Ila akianza kutafuna tu, yeye hugeukia ukutani.