Kisu cha Shemeji

Kuna watu ukiwauliza njia hawawezi kukwambia hawaijui. Watakuelekeza, utapotea, utarudi jioni vumbi mpaka kwenye kope, na bado watasema ulikosea wewe kukata kona. Fundi mazulia ninayewasimulia alikuwa wa kundi hilo. Kazini walimwita Profesa, naye, maskini ya Mungu, alidhani wanamsifu.

Tusimwonee lakini. Kazi yake aliijua. Umpe chumba chenye pembe saba na nguzo katikati, atapiga magoti, atatoa kisu, atavuta mara moja kutoka ukutani hadi mlangoni, na zulia litalala sakafuni bila mkunjo. Miaka kumi na minne alikuwa akivuta kisu hivyo hivyo, makali chini, mkono ukirudi upande wake. Mtu akishikana na kisu kimoja muda wote huo huanza kuamini kwamba visu vyote ni ndugu zake.

Sasa alikuwa na shemeji, mke wa kaka yake mkubwa, mwanamke mpole ambaye akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Shemeji alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, na kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea mbegu. Siku moja msimamizi akamwambia aende meza ya kuunganisha, ajaribiwe mwezi mzima. Pale mtu huchukua kijiti cha mti wa matunda mazuri, hukichonga ncha, hupasua kichwa cha mche wa kienyeji, hukichomeka humo na kukifunga kwa utepe. Miche yake ikishika, atabaki mezani, kivulini, kwa mshahara wa maana. Isiposhika, arudi kwenye udongo. Na mezani kila mtu huja na kisu chake mwenyewe.

"Shemeji," alimpigia simu, "mimi visu navijua vya jikoni tu. Nataka cha kukunja, kikae mfukoni, kisiwe cha bei ya kuniua. Utanisindikiza?"

"Shemeji, kwa visu umefika," Profesa akajibu. "Hapa ndipo mwisho wa safari."

Jumamosi wakaenda duka la vifaa, chumba chembamba kilichosheheni mabomba, misumari na makufuli. Visu vilikuwa kwenye kijisanduku cha kioo juu ya kaunta. Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi wa viatu. Shemeji alibaki nyuma kidogo, ameinamia ndoo za kumwagilia, kwa sababu aliona haya kusimama kaunta na kuulizwa asichokijua.

"Ni kwa kazi gani, mwanangu?" mama akauliza.

"Kazi za kila siku. Wewe nionyeshe tu, mama, mimi mwenyewe fundi."

Mama akavitandika vitatu juu ya kitambaa. Cha kwanza kilikuwa rahisi mno, cha bati jepesi. Profesa alikifungua, akakitikisa, ubapa ukachezacheza. "Hiki jino bovu," akasema, akakirudisha. Hapo alisema kweli, hata mama alitikisa kichwa kukubali. Laiti angeishia hapo!

Vilibaki viwili, bei zake zikikaribiana sana. Kimoja kilikuwa na mpini wa plastiki nyeusi, kibaya kwa sura, na kila ukikifungua kinalia *ka!* Kingine kilikuwa na mpini wa mti mwekundu uliopigwa msasa, shaba pande zote mbili, na kilifunguka kimya kimya kwa adabu.

"Hicho cheusi kina loki," mama akasema. "Ukishakifungua hakijifungi mpaka ubonyeze hapa. Hiki cha mti hakina. Kinashikwa na springi tu. Kizuri kwa kukatia kamba, makaratasi, matunda. Lakini mwenye kazi ya kuchokonoa, kisu kikabanwa mgongoni, asikichukue. Kinamfunga vidole."

Profesa hakuelewa. Hili lazima tuliseme, maana hadithi yote iko hapo. Hakuelewa kubanwa mgongoni ni nini, na moyoni alijua kwamba hajaelewa. Swali moja tu lingetosha. Hata angegeuka akamuuliza shemeji, "Hivi kule kitaluni mnakatajekataje?" angepata jibu. Sote tunaimba kwamba kuuliza si ujinga, ila tunapenda aulize mwenzetu.

"Mama, usinifundishe kisu," akasema, akicheka. "Miaka kumi na minne mimi nala kwa kisu. Hiyo plastiki yako kamuuzie mwenye machungwa."

"Haya, mwanangu. Mchaguzi ni wewe." Mama akavua miwani, akaanza kuifuta.

Profesa akachukua kipande cha gazeti, akakipitisha kwenye makali ya kile cha mti, kikakatika vipande viwili bila sauti. "Shemeji! Njoo uone kisu."

Shemeji akaja, akakishika, akaufunga na kuufungua ubapa mara mbili. Alimtazama mama mwenye duka, kisha akamtazama Profesa. "Wewe unasema hiki?"

"Kwani nina utani na wewe?"

Shemeji akalipa. Njiani akakitia mfukoni, akakitoa tena kukitazama, na Profesa alitembea kifua mbele mpaka kituoni.

Siku ya tisa ya shemeji pale mezani, Profesa akiwa magotini kwenye ukumbi wa ofisi fulani, simu ikalia. Alikuwa kaka yake.

"Shemeji yako kajikata. Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kashonwa nyuzi sita."

"Kajikataje?"

"Anasema ni uzembe wake tu, mawazo yalikuwa mbali. Lakini bwana wee, kile kisu! Daktari mwenyewe kasema hajaona kidonda kilichonyooka vile. Ulichagua kweli kweli, mdogo wangu."

Profesa akakaa juu ya roli la zulia. Wenzake wakamuuliza, "Profesa, kuna nini?" Akasema hakuna. Aliinua kisu chake cha kazi, akakitazama kwa muda, akagusa upande wake wa juu, ule usio na makali. Miaka kumi na minne upande ule haukuwahi kuguswa na kitu. Yeye huvuta tu, na anayevuta hubonyeza makali. Lakini mtu anayepasua mche, kisu kikanasa ndani ya shina, atakichezesha juu na chini akichomoe, na shina litakisukuma mgongoni mpaka kijifunge juu ya vidole. Sasa alielewa, tena alielewa vizuri sana, akiwa katikati ya ukumbi wa watu, na masikio yakamwaka moto. Alitamani ajikunje ndani ya lile zulia wamfungie humo.

Siku ya kwanza hakwenda kumwona mgonjwa, kazi ilikuwa nyingi. Siku ya pili mvua. Ya tatu alifika hadi kona ya mtaa wao, akaona nguo za shemeji kambani zimeanikwa vibaya, zimening'inia upande, jinsi mtu wa mkono mmoja anavyoanika. Akageuka akarudi kwake. Mwanamume mzima! Usiku ule alikula akiwa amewapa watoto wake mgongo.

Jumapili alijikaza kisabuni, akaenda na mfuko wa matunda. Kaka akampokea kwa bashasha, "Karibu, mtaalamu!" akamwachia kiti na kutoka kwenda dukani kutafuta mkate. Shemeji alikuwa kwenye kochi, mkono wa kulia juu ya mto, akikunja soksi za watoto kwa mkono wa kushoto na meno.

"Daktari anasemaje?" Profesa akauliza.

"Anasema mshipa umeguswa. Kidole kitapona, ila huenda kisikunjike kama zamani." Alisema taratibu, macho kwenye soksi. "Msimamizi kanishikia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Kisipopona hadi hapo, narudi kwenye viriba. Si mbaya, shemeji. Udongo hauna makali."

Akacheka, akanyanyua kiganja kufunika mdomo, akakumbuka bandeji, akakishusha.

Profesa aliangalia sakafu. Alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazuri yenye mwanzo na mwisho, yakayeyuka yote.

"Shemeji, si uzembe wako," akasema. "Yule mama wa dukani aliniambia. Alisema kile kisu hakifai kwa kazi kama yako, kitafunga vidole. Aliniambia waziwazi. Sikumwelewa, nikaona aibu kumuuliza, nikamjibu kwa kiburi. Wewe ulikuwa kule kwenye ndoo. Kosa ni langu."

Shemeji akaiweka soksi chini.

"Nilimsikia," akasema.

"Ulimsikia nani?"

"Yule mama. Duka lenyewe kama kabati, shemeji, nisimsikie nina nini? Nilisikia kila neno. Na mimi niliyewatazama wa mezani miaka mitatu nikajua anachosema ni kweli, maana mezani kisu hunasa kila mara. Nikasema moyoni, lakini shemeji amesema hiki, na shemeji anajua."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza. Angemtukana angalau angepata kitu cha kujibu. Profesa alihisi aibu imemshika shingo na kuishusha, akabaki anatazama vidole vyake kumi, vizima vyote.

"Kaka yako hajui," shemeji akaongeza haraka, kwa kunong'ona. "Wala usimwambie. Nimeshasema ni uzembe wangu, yameisha."

Mlango ukafunguka. Kaka akaingia na mkate kwapani, uso umejaa furaha. "Afadhali umekuja leo. Nataka kumchukulia huyu jiko la gesi, asihangaike na mkaa kwa mkono mmoja. Nimeona mawili hapo dukani, moja la bei nafuu lakini sikuelewa ule mpira wake na kile kichwa cha kufungia. Wewe ndiye mwenye kuvijua hivi vitu. Nichukue lipi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake. Wallahi lilikuwa tayari, maana ulimi wa mjuaji haulali. Kumbe mpira wa gesi hakuwahi kuufunga hata siku moja.

"Sijui, kaka," akasema.

Kaka akacheka. "Wewe? Acha utani bwana."

"Sijui. Muulize anayeuza, na usipomwelewa muulize tena." Akasimama, kwa kuwa alihisi hawezi kuyasema yaliyobaki akiwa amekaa kwenye kiti cha nyumba ile. "Na kisu pia sikukijua. Nilionywa, kaka. Nilionywa nikamcheka aliyenionya."

Akamsimulia yote, kuanzia kaunta, na hakujipunguzia hata neno. Kaka alimsikiliza mkate ukiwa bado kwapani. Alipomaliza, kaka hakumgeukia yeye, alimgeukia mkewe.

"Na wewe ulijua haya siku zote?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukumwambia pale pale dukani?"

Shemeji akachukua soksi nyingine, akaanza kuigeuza kwa mkono wa kushoto.

"Huyu?" akasema. "Huyu utamwambia nini?"