Mkwe Chini ya Pikapu

Minza aliketi kiti cha nyuma, nyuma kabisa ya dereva, ili mkwewe Ngassa asije akamwona usoni hata kwa bahati mbaya. Ngassa naye, kabla hawajatoka kijijini Lusu, alikuwa amekigeuza kioo cha ndani kikatazama paa. Hakuna aliyemwomba mwenzake afanye hivyo. Ndiyo heshima ya ukwe waliyolelewa nayo wote wawili: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawagusani, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Asubuhi hiyo ya Jumapili mtu wa tatu alikuwa kuku mtetea mwenye madoadoa, zawadi ya mzazi, aliyefungwa miguu na kulazwa kapuni.

"Wewe kuku," alisema Minza walipoiacha Nzega nyuma yao, "muulize mkwe wangu kama mtoto ananyonya vizuri."

"Kuku, mwambie mama ananyonya mpaka anasahau kupumua."

Minza akacheka peke yake. Jenifa, binti yake, alikuwa amemngojea mtoto huyo kwa miaka tisa. Saa nne mtoto angebatizwa kanisani Mtendeni, mjini Tabora, kwa jina la Minza, na bibi aliyetoa jina ndiye aliyepaswa kumbeba hadi mbele. Watoto wa kubatizwa walikuwa tisa, na mchungaji hakuwa mtu wa kungoja. Bibi huyo akichelewa, angebeba Martha, mama yake Ngassa. Minza hakuwa na kinyongo na Martha, lakini miaka tisa alikuwa amepiga magoti kwa ajili ya uzito ule mmoja mikononi mwake, na hakutaka kusimuliwa.

Walipobakiza kilomita thelathini na tano hivi, tairi la nyuma la kushoto likapasuka. Kuku akapiga kelele kabla ya watu. Ngassa aliiongoza pikapu taratibu hadi pembeni ya lami, akashuka, akajitosa uvunguni. Minza alishuka na kapu lake, akasimama hatua kumi mbele ya gari, akawapa mgongo mkwe na gari vyote viwili. Kwa kuwa heshima ilimnyima macho, alilifuata jambo lile kwa masikio. Alisikia chuma kikigongwa kwa jiwe, kisha pumzi za mtu anayesukuma, kisha kimya kirefu, kisha jiwe tena. Aliyelima pamba nusu ya maisha yake anajua mlio wa kazi inayokwenda na mlio wa kazi iliyogoma.

Pikipiki ikasimama. Mwanamume wa makamo aliyefunga madumu mawili ya maziwa kando ya kiti alizima injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mimi Wenceslaus. Naona miguu ya mtu pale chini. Mwenyewe yuko hai?"

"Yuko hai. Ni mkwe wangu, Msukuma, anagombana na tairi la akiba, na saa nne tuna ubatizo Mtendeni."

Wenceslaus aliinama akachungulia. "Msukuma bwana! Umezoea ng'ombe, hata gari unataka kulikamua?"

"Pita zako, Mnyamwezi wewe!" ilijibu sauti ya Ngassa kutoka chini. "Una nguvu za kubeba maneno tu!"

Utani wa makabila yao ulipokwisha, Mnyamwezi aliingia uvunguni, na kwa dakika chache zilisikika pumzi za watu wawili badala ya mmoja. Alitoka akijipangusa magoti. Tairi la akiba lilining'inizwa chini ya gari kwa cheni, alisema, na cheni ile hulegezwa kwa fimbo ya chuma inayopenyezwa kwenye tundu juu ya bampa la nyuma. Fimbo haizunguki hata kidogo.

"Nani aliyeikaza namna hii?" aliuliza.

"Mimi," alisema Ngassa, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Mtaani wezi walikuwa wanaiba matairi ya akiba. Nikaikaza cheni kwa kuirefusha fimbo kwa bomba."

"Basi mwizi hatalipata. Na wewe pia." Kisha akamgeukia Minza. "Mama, maziwa yangu yataganda kwa jua hili. Lakini nafasi nyuma yangu ipo. Saa tatu na nusu utakuwa mlangoni pa kanisa."

Minza alikitazama kiti cha pikipiki. Kilikuwa ndicho alichokiomba Mungu, kimeletwa hadi miguuni pake. Angefika, angenawa, angembeba mtoto. Na Ngassa, aliyeamka saa nane za usiku ili amfuate Lusu, angebaki chini ya gari huku binti yake wa kwanza akibatizwa bila baba. Ni bibi gani angesimama mbele ya madhabahu akiwa na picha hiyo kichwani?

"Nenda na maziwa yako, baba. Nakushukuru. Tutakuja wote."

Pikipiki ilipotokomea, Minza alilifunua kapu.

"Wewe kuku, muulize mkwe wangu: anaivuta cheni au anaipumzisha?"

Ngassa alijibu kutoka uvunguni. "Mwambie mama sijamwelewa."

"Mwambie wanaume wa kwetu walikuwa wapagazi. Njia hii hii waliipita na mizigo ya watu hadi pwani. Walikuwa wakisema mzigo haushuki bila kupandishwa. Kamba iliyobanwa na uzito haifunguki kwa kuvutwa. Mmoja huunyanyua mzigo kidogo, mwingine hufungua. Jeki anayo?"

Jeki alikuwa nayo. Aliisimamisha chini ya tairi la akiba, akalisukuma juu kwa upana wa vidole viwili. Minza alisikia cheni ikilia kwa kulegea. Lakini jeki ilikuwa imechoka. Kila Ngassa alipojivuta kutoka uvunguni na kukimbilia fimbo, ilikuwa imekwisha kushuka, na cheni imebana tena. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu hakukimbia tena.

"Kuku," alisema polepole, "mwambie mama kazi hii inataka watu wawili. Naona aibu kusema."

Minza alifikiri. Heshima iliwekwa ili watu wakae vizuri, si ili wakwame barabarani.

"Mwambie alale ubavuni mwa gari, uso wake autazamishe porini, asukume jeki. Mimi nitapita upande wa pili hadi nyuma. Gari lenyewe litakuwa ukuta wetu."

Alijifunga kitenge kwa nguvu, akapita. Fimbo ilikuwa na joto na ilinuka kutu.

"Pandisha!"

"Tayari, mama!"

Alizungusha. Fimbo iligoma. Alijitegemeza kwa uzito wa mwili wake wote, na ghafla chuma kikatoa mlio mfupi, kikakubali. Akazungusha tena, na tena, na cheni ikaanza kushuka kwa adabu. Tairi lilitua mchangani. Upande wa pili wa gari Ngassa alipiga kigelegele cha kike bila kujijua, na Minza akaziba mdomo kwa kitenge asisikike akicheka.

Jeki iliyochoka ilisaidiwa na mawe, tairi likafungwa, wakaingia Mtendeni saa nne na dakika kumi na mbili. Kanisa lilikuwa linaimba, na watoto sita walikwisha kubatizwa. Martha alisimama wa pili katika mstari, mtoto mikononi. Alipomwona Minza akija mbiombio, aliitazama mikono yake, iliyokuwa myeusi kwa kutu na grisi hadi kwenye vifundo.

"Tairi?" alinong'ona.

"Tairi."

Martha alimhamishia mtoto kwenye bega la kushoto. Kwa ncha ya kitenge chake kipya alimpangusa mwenzake kiganja kimoja, kisha cha pili, kidole kwa kidole, bila haraka, kana kwamba mchungaji alikuwa na siku nzima. Alipomaliza, akamkabidhi. Mtoto alikuwa mzito kuliko Minza alivyokuwa amemwazia. Mstari ukasogea hatua moja mbele, naye akasogea nao.