Weusi Juu ya Mangea

Hadiya alipanda mlima Mangea peke yake, kamera shingoni, na tuseme kweli, alijiona. Wenzake wa Malindi walikuwa wakipiga picha za harusi. Yeye alitaka milima, tena nyeusi na nyeupe tu.

Aliyemwelekeza njia ni Mzee Mwambire, kibarua kwenye shamba moja la Ganda, ambaye kwao ni chini ya mlima huo. Ukame ndio uliomhamisha, yeye na mkewe Kahonzi. "Ukifika, mwanangu, nitumie picha ya mlima," alimwambia. Hadiya akadhani mzee ana hamu ya kwao.

Siku hiyo anga ilikuwa buluu tupu, hata kiwingu cha kusingizia hakuna. Sasa picha gani hiyo? Akafunga kioo chekundu mbele ya lenzi, kile kinachoifanya buluu itoke nyeusi tititi. Mlima ukang'aa, juu yake giza limetanda. Akaihamishia kwenye simu, akamtumia mzee papo hapo, akashuka na furaha zake.

Wiki tatu baadaye alikwenda Ganda na picha ile kwenye fremu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee hakuipokea fremu. Aliyeitazama ni Kahonzi, akauliza taratibu, "Mvua hii ilinyesha wapi?"

"Mvua gani, mama?"

Kahonzi akamweleza. Walipouona weusi ule kwenye simu walijua mvua inakuja kule kwao. Alfajiri mzee akabeba mahindi ya mbegu, yale waliyoyalalia njaa yasiliwe, akaenda kwao kuyapanda kwenye udongo mkavu yaisubiri mvua. Majirani wanne waliohamia Ganda pamoja nao wakaonyeshwa simu, wakamfuata na mbegu zao. Walikuta anga imetakata, wakasema wingu litarudi. Halikurudi. Mchwa na panya wamemaliza kila punje.

Hadiya aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Angeweza kusema wingu lilipita, na nani angembishia? Neno hilo lilimfika mdomoni.

"Hakukuwa na wingu, mzee," akasema. "Kulikuwa na jua kali. Weusi huo nimeutia mimi kwa kioo, ili picha ipendeze."

Mzee Mwambire alisimama.

"Ili ipendeze," akasema. "Wale wanne hawaitikii salamu yangu. Wananiita mwongo. Vaa viatu, utawaambia wewe."

Hadiya akainama kufunga kamba, vidole vikamkatalia. Kahonzi akapiga magoti akamfungia.